Kokoto ndani ya kiatu: kisa cha Kukhu kwenye hija ya miguu kwenda Namugongo

Saa mbili usiku, tarehe 27 Mei, kwenye baraza ya shule moja nje kidogo ya mji wa Iganga, nilimvua kiatu cha kulia mama wa miaka 64 ambaye kundi letu lote lilimwita Kukhu, yaani bibi kwa Kiluhya. Kokoto likadondoka sakafuni. Lilikuwa kokoto la barabarani, la rangi ya majivu, lenye ncha, ukubwa wa punje ya hindi. Nikamuuliza liliingia saa ngapi. Akalitazama, akanitazama, akasema, "Mwanangu, hilo si langu."

Soksi ilikuwa imetoboka pale lilipokuwa limekaa. Chini ya tundu hilo, katikati ya sugu nene iliyo kwenye shina la kidole gumba, palikuwa na kidonda chenye upana wa sarafu ya shilingi kumi. Kingo zake zilikuwa nyeupe na zimelowa kama ngozi iliyokaa majini kutwa, katikati pamekuwa pekundu, na harufu ilishaanza. Niliosha kwa maji ya moto yaliyopoozwa na sabuni. Yeye aliendelea kuongea na jirani yake habari za maharagwe ya chakula cha jioni. Hakukunja uso hata mara moja.

Mimi ni muuguzi katika zahanati moja upande wa Busia, Kenya, na katika hija ile ya kwenda Namugongo, madhabahu ya Mashahidi wa Uganda, nilipewa kazi ya kubeba sanduku la huduma ya kwanza. Naandika kisa hiki kwa sababu kilipita mbele ya macho yangu siku tatu mfululizo, na kila dalili niliyoiona niliipa jina lisilo lake. Vikundi vinavyojiandaa kutembea huenda vikawa na Kukhu wao. Yeye mwenyewe ameniruhusu nisimulie, mradi nisitaje jina lake la ubatizo.

Kundi na njia yake

Tulikuwa mahujaji 43 kutoka vigango vya parokia moja, wengi wetu hatukuwa tumewahi kulala chumba kimoja kabla ya safari. Tulivuka mpaka wa Busia asubuhi ya tarehe 25 Mei. Kutoka hapo hadi Kampala ni karibu kilomita 200 kwa barabara, na Namugongo iko kabla ya kuingia mjini, kwa hiyo tulipanga siku nane: Busitema, Bugiri, Iganga, Jinja, msitu wa Mabira, Lugazi, Mukono, kisha Namugongo tarehe 1 Juni, siku mbili kabla ya sikukuu ya Mashahidi. Wapo wanaotembea mbali zaidi yetu. Watanzania huingia kwa Mutukula, wengine hutoka Rwanda, na Waganda wa magharibi wapo wanaotumia wiki mbili barabarani.

Kwetu sisi wa mashariki njia hii ina uzito wa pekee, na nitaeleza kidogo kwa sababu ilikuja kuamua mambo baadaye. Askofu James Hannington, Mwanglikana, alikuja Buganda kutoka upande huuhuu wa mawio, kwa miguu kutoka pwani pamoja na wapagazi wake, akapita Mumias, ambako wakati huo kuliitwa Kwa Sundu. Aliuawa Busoga tarehe 29 Oktoba 1885 kwa amri ya Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, aliyeogopa wageni wanaoingia kwa mlango wa nyuma. Yosefu Mukasa Balikuddembe, Mkatoliki wa ikuluni, alithubutu kumkemea Kabaka kwa mauaji hayo, naye akauawa tarehe 15 Novemba mwaka huohuo. Tarehe 3 Juni 1886 Karoli Lwanga na wenzake wakachomwa moto Namugongo. Wakatoliki tunawahesabu 22, Waanglikana 23. Kila jioni, baada ya chakula, katekista wetu alisimulia habari za shahidi mmoja. Watu walisikiliza huku miguu ikiwa ndani ya mabeseni.

Mwendo wetu ulipangwa na vijana. Walitangulia na bendera na kiitikio, wakafika kwenye kivuli, wakakaa, wakanywa maji, wakatungoja. Wa nyuma walipofika, vijana walikuwa wamekwisha pumzika, kwa hiyo bendera iliinuliwa tena. Hesabu yake ni nyepesi: mwenye nguvu alipumzika robo saa kila kituo, na mnyonge hakupumzika kabisa. Kukhu alikuwa wa nyuma.

Tulikuwa pia na pikapu moja ya magodoro na masufuria. Palikuwepo sheria ambayo hakuna aliyeiandika lakini kila mmoja aliijua, kwamba anayepanda gari, hija yake imevunjika.

Yale tuliyoyaona bila kuyaona

Fomu ya kujiandikisha iliuliza, "Je, una ugonjwa wowote?" Kukhu aliandikiwa "hapana" na binti yake. Alikuwa na kisukari kwa miaka kumi na mmoja. Nilipomuuliza baadaye kwa nini alificha, alinijibu kwamba mwaka uliotangulia mama mmoja wa jumuiya yake alitaja shinikizo la damu na akaambiwa abaki nyumbani awaombee wenzake. Swali letu lilikuwa mlango wa kufukuzia watu, nao watu waliujua. Naona hapo ndipo kosa la kwanza lilipozaliwa, na ni kosa letu sisi tuliokaa mezani na kalamu.

Kisha raba. Alinunua raba mpya za sokoni kwa ajili ya safari, nyeupe, na akazifunga kamba hadi mwisho. Siku ya kwanza nilimwambia kwamba zinaonekana kumbana. Akasema hapana, ndivyo anavyopenda, kiatu kikilegea anahisi kama hakivai. Nikapita. Leo sentensi ile ingenisimamisha palepale. Mtu ambaye miguu yake imeanza kufa ganzi huchagua kiatu kinachobana, kwa sababu ni hicho tu anachokihisi. Kile ambacho wewe na mimi tungekiita saizi yetu, kwake ni kama hewa.

Asubuhi ya siku ya pili, barabara ikipita kwenye msitu wa Busitema, Kukhu alianza kuyumba. Jasho lilimtoka ingawa jua lilikuwa bado dogo, mikono ikatetemeka, akaanza kumwita msichana aliyemshika kwa jina la mtu mwingine. Wakasema ni uchovu. Mimi nikasema ni kukosa usingizi. Kijana mmoja akampa soda, akanywa nusu chupa, na ndani ya dakika kumi na tano alikuwa amesimama akidai tuendelee. Wanawake walipiga vigelegele.

Yule aliyeamka kwa nusu chupa ya soda, sukari yake ya damu ilikuwa imeshuka. Nyumbani alizoea kumeza vidonge vyake alfajiri pamoja na chai na kiazi. Safarini alivimeza alfajiri vilevile, lakini chai yetu ilikuwa saa nne, baada ya kutembea saa tano. Moja ya dawa zake ilikuwa glibenklamidi, inayoichochea kongosho kutoa insulini, inayoshusha sukari, uwe umekula au hujala. Metformini, dawa nyingine ya kisukari, peke yake haina kawaida ya kushusha sukari namna hiyo. Ongeza kilomita kumi na tano za mwendo, na misuli inayokula sukari, na tumbo tupu. Angeweza kuanguka kando ya barabara ya malori.

Naye alikuwa na akili yake ya kufasiri mambo. Aliona kwamba amemeza dawa, kisha amepotewa na nguvu. Akaamua vidonge vinamkata nguvu, akavifunga kwenye leso na kuviweka chini kabisa ya mfuko. Kuanzia hapo hakumeza tena, wala hakumwambia mtu.

Siku ya tatu ndiyo inayoniuma zaidi. Ilikuwa siku ndefu, Bugiri hadi Iganga, mashamba ya mpunga ya Kibimba tumeyaacha nyuma, lami inachemka. Kukhu alikunywa maji kuliko mtu yeyote, na kila baada ya muda aliomba tumsubiri aingie kichakani. Nilikuwa nimehubiri habari ya maji tangu Busia, kwa hiyo nikamsimamisha mbele ya vijana nikamsifu. Nilisema, mtazameni Kukhu, ndiye anayesikia ushauri. Kiu ile na mikojo ile ilikuwa sukari iliyopanda, na mimi niliyesomea kazi hii nikaigeuza mfano wa kuigwa.

Mchana ule pia ndipo watu walipoanza kumwita Mama wa Chuma. Wasichana wa miaka ishirini walikuwa wakichechemea, wakivua viatu kila kituo, wakilia. Yeye alitembea sawasawa, mwendo uleule, rozari mkononi. Kiongozi wetu wa kundi akatamka kwa sauti kwamba imani ndiyo inayomtembeza. Sina shaka na imani yake. Lakini kwamba hakuchechemea kulitokana na mishipa ya fahamu ya nyayo zake kuharibiwa na sukari kidogokidogo kwa miaka, hadi haikupeleka tena habari. Mwenye miguu mizima akikanyaga kokoto, mwili humpigia kelele naye husimama, hata kama hataki. Mwili wa Kukhu ulikuwa umenyamaza, na sisi tukausifu ukimya huo mbele za watu.

Kipimo cha vidole sita

Baada ya kuosha kidonda nilimwomba afumbe macho. Kipimo hiki hakihitaji chombo chochote, na ningependa kila mbeba sanduku la dawa akijue. Unagusa kwa ncha ya kidole chako cha shahada, mguso mwepesi kabisa wa sekunde moja au mbili, bila kusukuma wala kusugua, ncha ya kidole gumba cha mguu, kisha cha katikati, kisha kile kidogo cha mwisho. Miguu yote miwili, jumla vidole sita. Mgonjwa anasema "kulia" au "kushoto" kila anapohisi. Asipohisi viwili au zaidi, miguu hiyo haina ulinzi.

Nilianza mguu wa kulia, kidole gumba. Kimya. Cha katikati. Kimya. Cha mwisho. Kimya. Nikaenda wa kushoto, kidole gumba. Akiwa bado amefumba macho akaniuliza, "Unaanza lini?"

Alihisi viwili tu kati ya sita, vyote vya mguu wa kushoto.

Tulimpeleka kwa bodaboda kwenye kituo cha afya kilichokuwa wazi usiku, mimi nikiwa nyuma yake nimemshikilia. Sukari ilisoma 19.4 mmol/L, juu mno. Joto la mwili halikuwa kubwa. Tabibu wa zamu alipima kina cha kidonda kwa kifaa safi na hakugusa mfupa, na wekundu wa pembeni ulikuwa haujasambaa. Hayo mawili ndiyo yaliyomwokoa mguu, kwa sababu kidonda kinachofika mfupani ni habari nyingine kabisa. Alichomwa sindano ya pepopunda, akapewa antibiotiki, akarudishiwa dawa za sukari kwa mpango mpya wa kumeza pamoja na chakula. Tabibu akamwambia jambo moja kwa Kiswahili chake cha Busoga, taratibu, akirudia: mguu huu usikanyage.

Hapo ndipo kisa kilipoanza kuwa kigumu.

"Mungu hakuniponyea nusu ya mtoto"

Kukhu alikuwa ameweka nadhiri. Mjukuu wake alipatwa na malaria iliyopanda kichwani, akakaa hospitalini siku nyingi bila kujitambua, na bibi akaahidi kwamba mtoto akiinuka, ataenda Namugongo kwa miguu yake. Mtoto aliinuka. Yuko darasa la pili. Nilipomweleza kwamba kesho atapanda pikapu, alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mungu hakuniponyea nusu ya mtoto. Nami sitampa nusu ya njia."

Sikuwa na jibu. Mafunzo yangu yanaishia kwenye kidonda.

Kiongozi wa kundi alimwunga mkono. Ni mtu mwema, ameshatembea njia hii mara tisa, na hoja yake ilikuwa ya mtu anayejua barabara: wangapi tumefika Namugongo na malengelenge? Tumfunge vizuri, atembee polepole, tumpe fimbo. Nilimjibu kwamba lengelenge la msichana wa miaka ishirini linajilinda lenyewe. Linauma, kwa hiyo anakanyaga kwa upande, anapumzika, anavua kiatu, na damu yenye sukari ya kawaida inalifunga kwa siku chache. Kidonda cha Kukhu kilikuwa kitakanyagwa kwa uzito wote wa mwili, hatua baada ya hatua, maelfu kwa maelfu, bila yeye kujua, katika damu ambayo vijidudu vinaifurahia. Kabla ya Mabira tungekuwa tunazungumza habari ya kukata kidole, na pengine zaidi ya kidole. Alinyamaza. Lakini sikuona kama amekubali.

Aliyelifungua fundo ni katekista. Alikuja na kiti chake, akakaa karibu na Kukhu, akamuuliza kama anakumbuka leo ni tarehe ngapi. Kisha akamsimulia habari za Gonzaga Gonza. Kijana huyu wa ikulu alihukumiwa pamoja na wenzake, akaanza kutembezwa kwenda Namugongo akiwa na miguu iliyochubuliwa na pingu. Alishindwa. Hakuweza kuendelea, na wauaji wakamchoma mkuki njiani, tarehe 27 Mei 1886. Wala hakuwa peke yake. Pontiano Ngondwe aliuawa siku moja kabla, njiani vilevile, na Atanasi Bazzekuketta siku ileile ya Gonza. Hakuna hata mmoja wa hao watatu aliyefika Namugongo. Katekista akamuuliza, "Kukhu, kwenye litania ya Mashahidi, tunawaruka hawa?"

Kukhu hakujibu upesi. Akauliza, "Na nadhiri?"

Ikabidi tumpigie simu Baba Paroko, na ilikuwa inakaribia saa tano usiku. Alipokea. Alimweleza kwamba Kanisa lenyewe limeliona jambo hili: Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 inampa paroko mamlaka ya kumfungulia muumini nadhiri ya binafsi kwa sababu ya haki, na inamruhusu aliyeiweka kuibadili mwenyewe kwa jambo jema lililo sawa au kubwa zaidi, kanuni ya 1196 na ya 1197. Akamuuliza Kukhu angependa kuibadili iwe nini. Simu ilikuwa kwenye spika, sote tulikuwa tumekaa kimya, nzi wakizunguka taa. Akasema atatangulia na gari kila kituo, ataketi na mguu juu, na hatagusa maji yake ya kunywa hadi mtu wa mwisho afike. Paroko akacheka kidogo kwa upole, akamwambia maji anywe, aahidi rozari. Wakapatana rozari nzima kila kituo, kwa ajili ya wanaotembea nyuma.

Nimefikiri sana kuhusu usiku ule. Maelezo yangu ya kitabibu yalikuwa sahihi yote, na hayakumsogeza hata inchi moja, kwa sababu hayakugusa kitu alichokuwa anakilinda. Kundi linaloondoka bila muuguzi liko hatarini. Nadhani liko hatarini vilevile lile linaloondoka bila mtu wa kumwambia mgonjwa, kwa lugha ya imani yake, kwamba anaweza kusimama.

Asubuhi ya tarehe 28

Tulichelewesha safari. Nilipanga mabenchi barazani nikasema kila mmoja avue viatu, hakuna atakayeondoka kabla sijaona nyayo zake, na hakuna atakayerudishwa nyumbani kwa nitakachokiona. Sentensi ya pili ndiyo iliyofanya kazi. Nilikuta malengelenge kwa watu kumi na mmoja, kucha mbili zilizokuwa nyeusi, na mtoto wa kidato cha nne aliyekuwa amelitoboa lengelenge lake kwa mwiba. Lakini kabla sijafika nusu ya benchi, watu watatu walikuja kunong'ona mmoja mmoja. Watatu hao wote walikuwa na vidonge vya sukari kwenye mifuko. Mmoja wao, baba wa miaka 51, ndiye aliyekuwa amebeba msalaba tangu Busia. Kidole kimoja kati ya sita hakukihisi. Tulikubaliana aendelee, lakini kila kituo avue viatu, apitishe mkono ndani, aangalie soli na soksi, kisha mtu mwingine amwangalie nyayo. Macho na mikono vilifanya kazi iliyokuwa ya mishipa.

Tulibadilisha pia mwendo. Bendera ilipewa wa nyuma. Mama wawili wazee waliongoza, vijana wakawafuata, na mapumziko yakaanza kuhesabiwa tangu mtu wa mwisho alipoketi. Vijana walilalamika hadi Musita, pale njia ya Mayuge inapochepuka kuelekea Kyando alikouawa Hannington. Baada ya hapo wakaanza kuimba polepole zaidi, na nyimbo zikawa ndefu. Chai ilihamishwa ikawa kabla ya kuondoka, kwa wote, kwa sababu kumpa mwenye kisukari peke yake chai ya alfajiri ni kumtangaza. Tulipita mashamba ya miwa ya Kakira, tukavuka Nile pale Jinja, na kwenye kivuli cha Mabira tulikuta pikapu imetangulia. Kukhu alikuwa amekaa juu ya magodoro, mguu umewekwa juu ya gunia la unga, midomo ikitembea. Hakuinua kichwa mpaka amalize fumbo alilokuwa nalo.

Tulifika Namugongo tarehe 1 Juni, saa mbili nyuma ya mpango. Hakuna tulichopoteza kwa saa hizo mbili.

Kukhu aliingizwa uwanjani kwa kiti cha magurudumu tulichoazimwa. Alitaka kuona nguzo. Basilika ile imejengwa kwa umbo la nyumba ya jadi ya Kiganda, na nguzo zake 22 za shaba, moja kwa kila shahidi, zinashuka kutoka kwenye paa hadi chini. Akazihesabu kwa kidole, akakosea kwa sababu ya umati, akaanza upya. Nilidhani anahesabu tu. Baadaye aliniambia alikuwa anatafuta ipi ni ya Gonza.

Ningefanya nini tofauti

Fomu yetu sasa haiulizi kama una ugonjwa. Inauliza unameza dawa gani na saa ngapi, na juu yake imeandikwa kwamba jibu hili halimwondoi mtu kundini. Miguu tunaikagua majuma sita kabla ya safari, si kwa kuuliza kama inauma, kwa sababu aliye hatarini kuliko wote ndiye atakayejibu haiumi. Mwenye ganzi, au sugu nene kwenye unyayo, anapelekwa kliniki ya kisukari kwanza. Sugu ile si ngozi imara kama wengi wanavyodhani. Ni jiwe jingine, linaloigandamiza nyama kutoka nje, na mara nyingi kidonda huanzia chini yake kabla hakijaonekana. Lipunguzwe na mtu aliyefundishwa, si kwa wembe wa nyumbani.

Kuhusu viatu, nimekuwa mkali. Kiatu cha hija kiwe kimevaliwa angalau mwezi, na kinunuliwe jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo kwa kazi za siku. Mwenye ganzi asiamini hisia zake dukani. Apime kwa karatasi: asimame juu yake, mtu mwingine achore mguu, kisha soli ya ndani iwekwe juu ya mchoro. Mguu ukitokeza nje ya soli, kiatu hicho si chake, hata kama anakipenda.

Na yule anayeyumba ghafla, akitoka jasho na kuchanganya majina, apewe kitu kitamu mara moja ikiwa anaweza kumeza, kisha chakula, kisha aulizwe faraghani anameza nini. Nilikuwa na swali hilo ulimini pale Busitema, nikalibadilisha na maneno ya kumtia moyo. Lingeulizwa pale, vidonge visingefungwa kwenye leso, na huenda kokoto lingepatikana siku moja mapema.

Kiongozi wetu na mimi bado hatujapatana kwenye jambo moja. Yeye anaona kwamba kundi likianza kuwakagua watu miguu kila jioni, sadaka ya safari inapungua, kwa kuwa maumivu yenyewe ni sehemu ya sala. Namheshimu kwa hilo. Lakini kutoa maumivu yako kunahitaji uwe nayo, na uwe huru kuyatoa. Kukhu hakuwa na maumivu ya kutoa. Alikuwa na mguu unaooza kimyakimya na watu 42 waliomshangilia.

Kidonda kilifunga katikati ya Agosti, baada ya majuma kumi na moja ya kusafishwa, kupunguzwa sugu na kutokanyaga. Binti yake alimletea maji ya kuoga, chakula na habari za majirani muda wote huo, na aliniambia kwamba kumzuia mama yake kwenda shambani kulikuwa kazi kubwa kuliko kumuuguza.

Mwaka uliofuata, kwenye kikao cha kwanza cha maandalizi, Kukhu alikuja amekwisha amua. Atapanda basi na wazee wengine hadi Kyaliwajjala, na kile kipande kifupi cha mwisho mpaka madhabahuni atatembea, daktari wake wa kliniki amekubali. Alikuwa amebeba kikapu. Alikimwaga mezani mbele yangu, juu ya fomu: jozi tatu za viatu, na soksi nyeupe ambazo damu ikitoka itaonekana. Nikaingiza mkono ndani ya kila kiatu mpaka kwenye ncha, kimoja baada ya kingine, yeye akinitazama.